SAT kwa aliyesoma Kiswahili: namna ya kujinoa sehemu ya Kiingereza

Mwanafunzi wa huku kwetu anayelenga chuo cha Marekani huwa hababaishwi sana na hesabu za SAT, ule mtihani ambao vyuo vya huko hutumia kuchagua wanafunzi. Kinachomnyima usingizi ni Kiingereza. Basi hukimbilia kujiandikisha tuisheni, akanunua kamusi nene, akaanza kukariri orodha ya maneno elfu moja ambayo nusu yake hata mwalimu wake hayatumii. Kazi hiyo inachosha na haileti alama nyingi. Mtihani huu unataka mambo mawili makubwa: usome aya fupi na ujue imesema nini na haikusema nini, kisha ujue sentensi inaanzia wapi na inaishia wapi. Kwa hilo la pili, somo la Kiswahili la sekondari, lenye vishazi, kiima na upatanisho wa kisarufi, limeshakupa silaha ambazo wengi huziacha stoo.

Nitaanza na umbo la mtihani wenyewe, maana kuna vitabu vya zamani bado vinauzwa mitaani vinavyoeleza SAT iliyokwisha kufa. Nje ya Marekani mtihani ulihamia kwenye kompyuta Machi 2023, na ndani ya Marekani mwaka uliofuata. Sehemu ya kusoma na kuandika ina maswali 54, yamegawanywa katika moduli mbili za maswali 27, na kila moduli ina dakika 32. Zile habari ndefu za kurasa mbili hazipo tena. Sasa kila swali lina kifungu chake kifupi, kati ya maneno 25 na 150, na swali moja tu. Ukifanya vizuri moduli ya kwanza, ya pili inakuja ngumu zaidi na inakufungulia alama za juu. Ukiboronga ya kwanza, ya pili inakuja nyepesi lakini dari la alama linashuka. Sehemu hii ina alama 200 hadi 800, na hakuna adhabu ya kukosea.

Hatua ya kwanza: fanya mtihani mzima kabla hujasoma chochote

Pakua programu ya Bluebook ya College Board, taasisi inayotunga na kusimamia SAT. Ni bure, na ndani yake mna majaribio kamili ya mazoezi. Tatizo ni kwamba haifanyi kazi kwenye simu. Unahitaji kompyuta mpakato au aina fulani ya kishikwambi. Kama huna, omba maabara ya kompyuta ya shule siku ya Jumamosi, au azima kwa ndugu kwa asubuhi moja. Usijidanganye kufanya jaribio kwa kusoma PDF kwenye simu ukiwa umelala kitandani. Utapata alama, lakini hazitakuambia kitu.

Kaa, weka muda, usisimame katikati. Matokeo ya siku hiyo usimwonyeshe mtu. Hayana maana nyingine zaidi ya kukuonyesha pa kuanzia.

Hatua ya pili: yatenge makosa yako mafungu mafungu

Chukua daftari. Kila swali ulilokosa, na kila swali ulilopata kwa kubahatisha (unajua mwenyewe ni yapi), liandike chini ya fungu lake: msamiati, kuelewa kifungu, sarufi na alama za uandishi, viunganishi, na yale maswali ya mwisho yanayokupa orodha ya dondoo. Mbele ya kila kosa andika kwa Kiswahili chako cha kawaida kwa nini ulichagua jibu lile. "Nilidhani mkato unatosha." "Neno lilisikika zuri." "Sikufika mwisho wa sentensi." Sentensi hizo fupi, ukizisoma baada ya majaribio mawili, zitakuonyesha kwamba hukosei vitu vingi, unakosea vitu vitatu au vinne, tena vilevile.

Kufanya jaribio juu ya jaribio bila daftari hili ni kupoteza majaribio. Yako machache, na ukishayaona maswali huwezi kuyasahau ukaanza upya.

Hatua ya tatu: mipaka ya sentensi

Hapa ndipo nitakapokaa muda mrefu, kwa sababu ndipo mzungumzaji wa Kiswahili anapopoteza alama ambazo angezirudisha ndani ya wiki mbili.

Tazama sentensi hii: "Jahazi liliondoka Lamu alfajiri, likafika Mombasa siku ya pili." Ni Kiswahili safi. Ile -ka- ya "likafika" imebeba kazi ya kuunga, kwa hiyo mkato unatosha. Sasa mwanafunzi anaihamishia kwenye Kiingereza jinsi ilivyo: "The dhow left Lamu at dawn, it reached Mombasa the next day." Masikioni mwake inapita. Kwa SAT ni kosa, na maswali ya namna hii hayakosekani. Kiingereza hakina -ka-. Vishazi huru viwili vikikutana, mkato peke yake hauna nguvu ya kuvishika.

Dawa zake ni chache. Weka nukta. Au weka nukta mkato. Au weka mkato pamoja na kiunganishi kifupi kama "and", "but" au "so". Au kigeuze kishazi kimoja kiwe tegemezi: "After the dhow left Lamu at dawn, it reached Mombasa the next day." Kishazi tegemezi unakijua tangu kidato: "mvua iliponyesha" haiwezi kusimama peke yake, msikilizaji atakungoja umalizie. Fanya jaribio hilohilo kwa Kiingereza. Soma upande wa kushoto wa alama peke yake, kisha wa kulia peke yake. Pande zote mbili zikisimama, mkato mtupu ni haramu. Upande mmoja ukiyumba, nukta na nukta mkato ndizo haramu.

Kutokana na hapo unapata mbinu ya bure. Katika kazi hii nukta na nukta mkato ni kitu kimoja. Ukikuta majibu mawili yana maneno yaleyale na tofauti yake ni hiyo tu, moja nukta na jingine nukta mkato, yote mawili si sahihi, kwa sababu swali haliwezi kuwa na majibu mawili.

Neno "however" linastahili onyo lake. Linafanana na "but" kwa maana, lakini halina kibali cha kuunga vishazi huru kwa mkato. "The fish was thought extinct, however, one was caught" ni kosa. Linahitaji nukta au nukta mkato kabla yake. Na kwenye maswali magumu zaidi watakuwekea "however" mwishoni mwa kishazi cha kwanza, nukta mkato ikafuata baada yake, kwa kuwa maana yake inaipinga sentensi iliyotangulia na si ile inayokuja. Hapo alama haikuokoi; lazima usome sentensi tatu nzima.

Nukta mbili ina sharti moja: kinachotangulia lazima kiwe sentensi kamili. Kinachofuata kinaweza kuwa orodha, neno moja au maelezo. Basi.

Halafu kuna majina na vyeo. Mwaka 1938 Marjorie Courtenay-Latimer, mtunzaji wa makumbusho ya East London huko Afrika Kusini, alimtambua samaki wa ajabu aliyevuliwa na meli ya uvuvi: silikanti, aliyedhaniwa ametoweka duniani zamani za kale. Mtihani unapenda sana watu wa namna hii. Ukiandika "Marjorie Courtenay-Latimer, a museum curator, recognized the fish", maelezo yamepachikwa katikati ya sentensi, kwa hiyo mikato inakuwa miwili, wa kufungua na wa kufunga. Ukifungua kwa dashi, funga kwa dashi. Lakini ukiandika "Museum curator Marjorie Courtenay-Latimer recognized the fish", cheo kimegandana na jina na hakuna mkato hata mmoja. Wanafunzi wengi huweka mkato pale kwa sababu wanasikia pumzi. Yale mafundisho ya darasa la nne kwamba mkato ni mahali pa kupumzika, yaache hukohuko.

Hatua ya nne: upatanisho

Hapa Kiswahili kinakubeba. "The collection of letters written by the clerks ___ kept in Zanzibar": ni "is" au "are"? Jicho linaona "letters" na "clerks", linaruka kwenye "are". Sasa iseme kwa Kiswahili: mkusanyiko wa barua zilizoandikwa na makarani *umehifadhiwa*. Ulimi wako umechagua u- bila kufikiri, maana kiima ni mkusanyiko. Basi ni "is". Sentensi za SAT huweka maneno kumi na tano kati ya kiima na kitenzi kwa makusudi. Tafsiri kiima na kitenzi tu, yaliyo katikati yazibe kwa kidole.

Ila kuna mahali Kiswahili kitakuangusha. Sisi tunasema "miti na matawi yake", na hakuna anayeshangaa, kwa sababu kwa vitu -ake hutumika hata vikiwa vingi. Ndiyo maana wengi huandika "the trees and its branches". Kiingereza kinataka "their". Kila ukiona majibu yana "its", "it's", "their" na "they're", rudi nyuma utafute ni kitu gani kinatajwa, kimoja au vingi, halafu uamue. Na hiyo "it's" yenye kituo cha juu ni kifupi cha "it is"; haimiliki kitu.

Sentensi zinazoanza na kirai kisicho na mtenda nazo zina kanuni nyepesi: ukianza na "Walking along the beach", nomino ya kwanza baada ya mkato lazima iwe yule anayetembea. Kama ni "the shells", makombe yametembea ufukweni. Jibu hilo lifute.

Hatua ya tano: viunganishi na dondoo

Kwa maswali ya kuchagua kati ya "therefore", "similarly", "for example" na wenzake, ziba majibu kwa karatasi. Soma sentensi iliyotangulia na inayofuata, kisha jaza pengo kwa Kiswahili: ni "hata hivyo"? "kwa hiyo"? "kwa mfano"? "vilevile"? Ukishasema, ndipo ufunue majibu utafute mwenzake. Anayeanza kwa kusoma majibu huona yote manne yanafaa.

Maswali ya dondoo, yale ya mwisho kabisa katika moduli, ndiyo rahisi kuliko yanavyoonekana. Swali linakuambia mwanafunzi anataka kufanya nini: kuonyesha tofauti kati ya vitu viwili, au kumtambulisha mtu kwa msomaji asiyemjua. Soma lengo hilo kwanza. Jibu lisilotimiza lengo linatoka hata kama kila lisemalo ni kweli. Mara nyingi huhitaji hata kuzisoma dondoo zote.

Hatua ya sita: msamiati, bila kukariri kamusi

Maneno ya ajabuajabu yasiyoonekana popote yaliondolewa SAT tangu mabadiliko ya 2016. Yaliyobaki ni ya watu wanaoandika makala za sayansi na historia: "corroborate", "undermine", "tentative", "mitigate", "ambivalent". Yaokote humohumo kwenye majaribio na uyaandike pamoja na sentensi uliyoyakutia.

Hatari zaidi ni maneno unayodhani unayajua. "Novel" si hadithi ndefu tu. Kwenye kifungu cha sayansi ni kitu kipya kisichowahi kuonekana. "Champion" ikiwa kitenzi ni kutetea jambo. "Arrest" inaweza kuwa kuzuia kitu kisiendelee, hakuna polisi wala pingu. Mtu mwenye "reservations" juu ya nadharia hajakata tiketi, ana mashaka. Na "qualify" kauli ni kuipunguza makali kwa kuiwekea mipaka. Tenga ukurasa wa daftari kwa maneno haya yenye sura mbili. Ndio ukurasa utakaokulipa.

Njia ya kujibu ni ileile ya viunganishi: jaza pengo kwa neno lako mwenyewe kwanza. Kifungu kikisema watafiti walikuwa ___ kuhusu taarifa ile, wakadai picha na ngozi ya samaki kabla ya kuikubali, wewe umeshasema "walikuwa na shaka". Sasa tafuta neno la shaka. Kama "skeptical" hulijui lakini mengine matatu unayajua na hayana shaka ndani yake, umelipata hivyohivyo.

Hatua ya saba: kusoma

Nikupe kifungu kwa ufupi. Silikanti wa pili kutambuliwa na wanasayansi alipatikana visiwa vya Komoro mwaka 1952. Wavuvi wa huko hawakumshangaa. Walikuwa na jina lake, gombessa. Swali: kutokana na kifungu, ni lipi linaweza kuhitimishwa?

Jibu moja linasema silikanti ni wengi Komoro kuliko Afrika Kusini. Huenda ni kweli, lakini kifungu hakikuhesabu samaki. La pili linasema wanasayansi walipuuza taarifa za wavuvi. Hili ndilo linalonasa watu, kwa sababu linafanana na hadithi tunazozijua, na kichwa kinalimalizia chenyewe. Kifungu hakikusema wavuvi walitoa taarifa yoyote. La tatu linasema huyu ndiye samaki wa kale kuliko wote duniani. Neno "wote" peke yake linatosha kulitilia shaka. La nne linasema baadhi ya wakazi wa Komoro walimfahamu samaki huyo kabla wanasayansi hawajamtambua pale. Halina mvuto wowote. Ndilo jibu.

Mazoezi yako ya kusoma yawe hayo: kwa kila jibu ulilochagua, weka kidole kwenye maneno ya kifungu yanayolithibitisha. Usipopata pa kuweka kidole, umejibu kutoka kichwani mwako. Kwenye maswali yenye jedwali au grafu, kumbuka kwamba majibu mawili au matatu yanaweza kuwa kweli kwa mujibu wa jedwali. Linalotakiwa ni lile linalounga mkono dai lililotajwa.

Nje ya mazoezi, soma makala fupi za sayansi na historia kwa Kiingereza kila siku, hata moja. Riwaya ni nzuri kwa roho, ila kwa mtihani huu aya moja ya utafiti uliyoisoma mara mbili ina faida zaidi. Mashairi na vipande vya hadithi za karne ya 19 vitakuja pia. Hapo uliza tu nani anasema, na anajisikiaje.

Muda na mpangilio

Dakika 32 kwa maswali 27 ni kama sekunde 70 kwa swali. Maswali yana mpangilio usiobadilika: msamiati unatangulia, kuelewa kifungu kunafuata, kisha sarufi, halafu viunganishi na dondoo. Ndani ya mafungu mengi ugumu unapanda taratibu. Kwa hiyo swali gumu la kuhitimisha lisikule dakika tatu wakati maswali mepesi ya nukta na mikato yanakungoja mbele. Litie alama ya kurudi, chagua jibu la muda, songa. Wapo wanaoanza na sarufi kisha wanarudi mwanzo. Mimi nawashauri walio imara kwenye sarufi wajaribu hivyo katika jaribio moja kabla ya kuamua.

Kwa wiki nane za maandalizi, tatu za kwanza zipe mipaka ya sentensi na upatanisho, huku msamiati ukiendelea kidogokidogo. Zilizobaki ni kusoma na viunganishi, na jaribio kamili kila baada ya wiki mbili. Kati ya majaribio tumia mazoezi ya Khan Academy, tovuti ya masomo, na benki ya maswali ya College Board, ambayo inakuruhusu kuchuja kwa aina ya swali na ugumu. Vyote ni bure, gharama yako ni bando. Umeme ukiwa wa mgao, yafanye ya sarufi kwa karatasi: nakili sentensi kumi, ondoa alama zote, kesho yake zirudishe mwenyewe.

Siku chache kabla ya mtihani fungua Bluebook kwenye kompyuta utakayoitumia na ukamilishe maandalizi ya mtihani yanayotoa tiketi ya kuingilia. Ichaji ijae, maana si kila chumba cha mtihani kina soketi ya kila mtu. Mtandao ukikatika katikati, usiinuke. Programu inaendelea kukuruhusu kujibu, na majibu hutumwa ukirudi. Zikibaki sekunde thelathini, pitia haraka uone kama kuna swali ulilolirukia bila kugusa kitu. Bonyeza lolote.

Ukipanga kurudia mtihani, kagua kwanza sera ya kila chuo unachoomba. Vingi huchukua alama bora ya kila sehemu kutoka tarehe tofauti, kwa hiyo raundi ya pili unaweza kuielekeza karibu yote kwenye Kiingereza kama hesabu zako zimeshakaa sawa.